Gari Lenye Homa

Shemeji alikuwa bado ameweka kiganja juu ya boneti, kama anayempima mtoto, na muuzaji alikuwa bado anaeleza habari za redio.

"Mwanangu," shemeji alimwambia, "gari lako lina homa."

Muuzaji alicheka, akasema ni jua. Shemeji akatazama juu, kwenye bati la yadi lililotufunika sote watatu, kisha akanitazama mimi. Nikatazama matairi. Nililetwa kwa kazi hiyo. Kaka yangu alikuwa safarini, na mkewe aliamini kwamba muuzaji akiona mwanamume pembeni atapunguza maneno. Kumbe yaliongezeka, maana sasa alikuwa na watu wawili wa kuwaambia.

Shida ya shemeji ilikuwa moja. Yeye ni mkunga, na watoto wa mtaa wetu hupenda kuzaliwa alfajiri. Gari lake la zamani lilikuwa likilala vizuri kuliko sisi sote. Asubuhi halitaki kuamka. Mara ya mwisho alifika kwa miguu, anahema, akamkuta mtoto ameshavishwa, na bibi wa mtoto akamkaribisha kwa heshima zote: "Pita, mgeni amekutangulia." Safari ile mambo yalikwenda salama. Sasa mke wa seremala ana mapacha tumboni, na siku zake zimekaribia. Shemeji hakuwa na hamu ya kukaribishwa tena.

Kwa hiyo hakuuliza bei wala rangi. Alitaka kusikia injini ikiwashwa ikiwa baridi, basi. Gari bovu likishapashwa moto huwaka kama zima.

Tukaomba viti, tukangoja lipoe. Muuzaji alituletea maji, akasifu vioo, akasifu mikanda. Mara akakumbuka kwamba lazima alisogeze kidogo, linaziba njia. Shemeji akamwambia njia hiyo haina mpitaji ila paka, na paka amekwisha pita. Baadaye akataka kutuonyesha kiyoyozi kinavyopuliza. Shemeji akasema anasikia baridi. Kila mara kijana huyo alipotia mkono mfukoni kwenye ufunguo, shemeji alikohoa taratibu, na mkono ukatoka mtupu. Nilianza kumwonea huruma.

"Bosi," akaninong'oneza, "nyumbani kwenu huwa hivi?"

"Kwa kaka yangu," nikamjibu. "Mimi jirani tu."

Jioni ikafika, mlinzi akaanza kuvuta geti. Shemeji akagusa boneti tena: vuguvugu. Akasema basi lilale hapo hapo, atarudi alfajiri kuliwasha mwenyewe. Muuzaji akakubali upesi mno, hata mimi niliona. Shemeji akanyoosha kiganja kile kile.

"Ufunguo nitalala nao mimi. Gari libaki kwako, na geti ulifunge kwa kufuli mbili ukitaka."

Kijana alijikuna kisogo, akamtazama mlinzi, akanitazama mimi. Nikatazama matairi. Mwishowe akautoa, huku akijicheka mwenyewe, akampa. Shemeji akaufunga kwenye ncha ya leso, akashukuru, akapiga hatua kuelekea getini, kisha akageuka.

"Na wa pili, mwanangu?"

Kijana akarudi ofisini, na tukasikia droo ikifunguliwa.