Kibuyu au Mrija

Kama kuna mtu aliyezaliwa kunyoosha vitu, ni Pasi. Jina lake hasa lilikwisha kusahauliwa hata na wateja wa miaka ishirini. Wao walimjua kama yule mama mfupi anayesimama nyuma ya meza ndefu, akinyoosha kola za watu na, usipojihadhari, maneno yako pia. Duka lake la dobi lilikuwa upande wa kushoto wa nyumba. Upande wa kulia lilikuwepo tanuri la mkate la mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima ulimwita Hamira, kwa sababu akicheka huvimba, na akishinda jambo huvimba zaidi.

Nyumba hiyo waliachiwa na mama yao, pamoja na ua mmoja wa nyuma, na hapo ndipo penye kesi. Nusu ya ua hupata jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Nusu ya pili imelaliwa na kivuli cha ghorofa la jirani. Pasi analitaka jua kwa ajili ya shuka zake, Hamira analitaka kwa ajili ya kuni zake. Mama yao, aliyewajua wanawe nje ndani, aliacha wosia mfupi: ua usijengwe ukuta, na kila mwaka wacheze, atakayeshinda akae juani. Mwanzoni walicheza karata. Karata ziliisha siku Pasi alipomwinua mdogo wake kitini na kukuta amekalia tatu. Ndipo wakahamia kwenye mchezo wa bunduki za rangi, ambao anayepakwa rangi hutoka, kwenye uwanja ulio nje kidogo ya mji, kwa sababu moja tu: kule kuna refa.

Miaka minne mfululizo Hamira alishinda. Miaka minne Pasi alianika kivulini, shuka zikikauka kwa kusuasua huku zikinywa harufu ya tanuri, mpaka mteja mmoja akaja kulalamika kwamba kila akilala anaota kifungua kinywa. Watu walicheka. Pasi hakucheka, maana mwenye nyumba ya wageni, mteja wake mkubwa kuliko wote, alikuwa amemwambia kwa upole kabisa kwamba shuka zikiendelea kunuka uvundo mwaka mwingine, atatafuta dobi mwingine. Safari hii hapakuwa na mchezo wowote katika mchezo huo. Alilitaka lile jua mpaka roho ikamuuma.

Timu yake ilikuwa ya watu watatu: yeye mwenyewe, binti yake, na mume wa binti yake. Binti ndiye aliyekuwa nahodha, na alipenda kuitwa Nahodha hata jikoni. Jumamosi mchana, siku moja kabla ya mechi, Pasi alisukuma mashati kando, akaweka mezani mirija mitatu ya plastiki, kila mmoja urefu wa mkono mpaka kiwikoni.

"Nini tena hii, mama?" Nahodha akauliza.

"Dawa ya kibuyu."

Kibuyu ndilo jina walilokipa kile chombo kinachokaa juu ya bunduki. Unakijaza vidonge mia mbili vya rangi, navyo vinashuka vyenyewe, kimoja kimoja, kwa uzito wao. Ndivyo inavyopaswa. Kwao wao, kila mwaka vidonge vilikwama. Nahodha alikitikisa kibuyu, akakipiga makofi, akakitukana, na wakati anakitukana mjomba wake alikuwa anampiga mgongoni. Mrija haufanani nacho. Unalala juu ya bunduki sambamba na mtutu, na unaingia vidonge kumi tu, vimefuatana, vimebanana. Haujitokezi juu ya kizuizi kumwonyesha adui ulipo, wala haupigi kelele ukikimbia. Lakini haukufanyii kazi yako. Kila ukishapiga, lazima uinamishe mdomo wa bunduki kidogo ili kidonge kinachofuata kiviringike mpaka mahali pake.

"Kumi?" Nahodha alishika kiuno. "Mjomba aje na mia mbili, sisi kumi? Halafu kila nikipiga niinamishe bunduki kama naamkia wakwe?"

"Kuamkia wakwe si vibaya," alisema mumewe, aliyekuwa anakunja taulo, huku akimtupia mama mkwe jicho. Huyu kijana alikuwa mtu wa ndiyo kwa pande zote mbili, na ndiyo maana ndoa yake ilikuwa na afya.

"Mwaka jana ulipiga vingapi kabla hakijakwama?" Pasi akamuuliza binti yake.

"Viwili."

"Haya. Viwili au kumi, vipi vingi?"

"Mama, mia mbili vikikwama unatikisa kibuyu. Kumi vikiisha unatikisa nini? Kichwa?"

Pasi aliichukua pasi akalipiga shati moja mara mbili. Kusema kweli naye alikuwa na hofu. Kumi ni kitu kidogo sana ukiwa unaogopa. Mwisho walikubaliana waamulie huko huko uwanjani, kwa kuwa sheria ni kwamba kila mchezaji atamke kabla ya filimbi anatumia chombo gani, na akishatamka, hakuna kubadilisha.

Alfajiri ya Jumapili Pasi aliamka kabla ya wote, akafanya kama alivyofanya kila mwaka. Alifungua kasha la vidonge, akavikuta vimepakaa mafuta mafuta na vumbi la dukani, akavimimina kwenye beseni la maji vuguvugu. Akavisuuza kwa mkono mwepesi, akavitandaza juu ya taulo uani vipate hewa. Hakumwambia mtu. Dobi hatangazi kwamba ameosha kitu, kama vile mvuvi hatangazi kwamba amelowa. Na pia, kwa hesabu yake, mdogo wako ni mdogo wako: huwezi kumpiga kwa kitu kichafu.

Uwanja ulikuwa eneo la mapipa, matairi yaliyopangwa na kuta za mbao zenye madoa ya kila rangi. Mwenye uwanja, ambaye pia ndiye refa, alikuwa mwalimu wa michezo aliyestaafu, na alikuwa bado anasema na watu wazima kama wamechelewa paredi. Wote walimwita Mwalimu. Hamira alikuwa amekwisha kufika, na kofia yake nyeupe ya tanurini kichwani, pamoja na mkewe na fundi wake wa kukanda unga.

"Shikamoo, dada," alisema Hamira, ameanza kuvimba tayari.

"Marahaba. Kuni zako umezifunika? Kesho zinahama."

Mwalimu alikuja na daftari lake. "Dobi! Mnatumia nini?"

"Subiri tuujaribu kwanza," alisema Pasi, akachukua kidonge akakiweka kwenye mdomo wa mrija. Hakikuingia. Akachukua kingine. Kiliingia nusu, kikaganda kama kizibo. Cha tatu, alipokisukuma kwa kidole gumba, kilipasuka, rangi ikamtiririkia mpaka kiwikoni.

"Unaona?" alisema Nahodha. "Mrija wenyewe mbovu."

Mwalimu alichukua kidonge, akakizungusha vidoleni, akakibonyeza. Kilibonyea. Akatoa kipya mfukoni mwake, akakitumbukiza kwenye mrija ule ule. Kiliteleza mpaka mwisho, tik.

"Mrija mzima," alisema. "Hivi vyenu vimevimba. Ganda lake halipatani na maji, ukililowesha linavimba kama maharage. Mmevifanya nini?"

"Nimevisuuza tu," alisema Pasi.

Nahodha alimgeukia mama yake polepole. "Umevisuuza. Leo?"

"Leo."

"Na mwaka jana?"

Pasi alitazama viatu vyake. Miaka yote minne ilimpitia mbele ya macho: kibuyu kinatikiswa, kibuyu kinapigwa makofi, kibuyu kinatukanwa matusi ya nguoni, na chenyewe hakina kosa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Yeye ndiye aliyejipeleka kivulini, kwa mikono yake mwenyewe, kwa maji vuguvugu.

"Na mwaka juzi," alisema. "Na yote."

Mkwe wake akakohoa ili asicheke. Nahodha hakukohoa. Alicheka mpaka akakaa chini, akachekea huko huko chini, kisha akafuta machozi akauliza watafanyaje sasa. Mwalimu akasema stoo yake ina makasha matupu, mzigo mwingine unakuja Jumanne, na filimbi ni baada ya dakika kumi.

Hapo ndipo Hamira aliposogea. Alikuwa amesikia yote, maana mtu yule ana masikio ya paka. Akafungua kasha lake bila kumtazama dada yake usoni, akahesabu.

"Kumi kila mtu," alisema. "Vikavu. Msije mkasema nimewashinda watu wenye mikono mitupu."

"Kumi kati ya mia ngapi, mjomba?" Nahodha akauliza.

"Kumi ni kumi. Mwombaji hachagui."

Wakarudi kwenye mjadala wao, na sasa ulikuwa umegeuka juu chini. "Kibuyu hakina kosa," alisema Nahodha. "Vidonge ni vikavu. Mimi nakwenda na kibuyu changu, kumi vyangu navimwaga kwa mpigo mmoja." Mumewe alisema ndiyo. Pasi alivitikisa vidonge kumi ndani ya kibuyu chake. Chombo cha mia mbili, kikiwekewa kumi, kilipiga kelele za kopo lenye kokoto. Akamtazama mdogo wake na masikio yake. Akavitoa, akavipanga kwenye mrija kimoja kimoja, kama anayefunga vifungo vya shati la bwana harusi.

"Andika mrija," alimwambia Mwalimu.

"Hakuna kubadilisha."

"Nani kakwambia nabadilisha?"

Filimbi ikalia. Nahodha alikimbia kwa kelele, kibuyu chake kikimtangaza kila hatua. Alimpiga fundi wa unga, akampiga na wifi yake Pasi, kisha vikamwishia, na mjomba akamfuata kwa sauti tu, akampaka rangi bega zima. Mkwe alitolewa muda mfupi baadaye, akiwa njiani kwenda kumwuliza mkewe afanye nini. Wakabaki wawili, dada na mdogo wake.

Pasi alikuwa amepiga saba na kukosa saba. Alitambaa nyuma ya matairi, magoti yakimlalamikia, akafika upande ambao Hamira hakuutazamia. Kimya. Hapakuwa na kokoto wala kopo. Kutoka nyuma ya mapipa, hatua kumi hivi, akamsikia Hamira anahema.

"Dada!" Hamira aliita, akielekeza sauti mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Dada, uko wapi? Hebu sema neno."

Pasi alibana midomo.

"Basi nitasema mimi! Nilikuwa nakuona, dada. Kila mwaka, alfajiri, nikiwa kwenye dirisha la tanuri. Unaviosha, unavianika. Mwaka wa kwanza nilicheka mpaka mke wangu akadhani naumwa. Mwaka wa pili nikasema nitakwambia. Mwaka wa tatu nikasema, acha kwanza kuni zikauke. Mwaka jana, ulipobeba shuka zako kupeleka kivulini, usingizi uliniruka wiki nzima. Ndiyo maana leo nimekupa vikavu. Haya, nitukane basi! Nitukane, roho yangu itulie!"

Matusi yalimjaa Pasi kinywani, mengine ya zamani ya mama yao, mengine mapya kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka shati bovu dukani kwake angeapa kwamba hatanyamaza. Akameza. Akainamisha mdomo wa bunduki, taratibu, kidonge kikaviringika mahali pake bila kusema kitu. Hamira, asiyestahimili ukimya tangu utotoni, akachomoza kichwa kusikiliza.

Paf! Rangi ya bluu ikaenea kwenye kofia nyeupe.

Mwalimu alipiga filimbi. Nahodha alipiga vigelegele. Pasi alikaa juu ya tairi akagundua kwamba analia na kucheka kwa pamoja, na hakujua kipi kimetangulia. Alikuwa na furaha ya jua lake, na alikuwa ameumia kwamba mtoto wa mama yake alimwona anapotea miaka minne akakaa dirishani. Vyote viwili vilikuwa vya kweli. Hamira alikuja, rangi ikimdondokea puani, akakaa kwenye tairi la pili.

"Miaka minne," alisema Pasi.

"Miaka minne," alikubali Hamira. "Nisamehe, dada."

Kuni zilihama jioni ile ile, mzigo baada ya mzigo, na aliyezibeba ni Hamira peke yake, maana Nahodha aliweka kiti uani kuhakikisha. Asubuhi ya Jumatatu Pasi alitoka na beseni la shuka za nyumba ya wageni. Jua lilikuwa limejaa nusu yake yote ya ua, la bure, la moto. Shuka zilikuwa kubwa, na Hamira, bila kuambiwa, akaja akashika ncha ya pili, wakakamua pamoja, huyu akizungusha huku, yule kule.

"Na mwakani," alisema Pasi, "ukiwa dirishani ukaniona nakosea, utaniambia?"

"Nitakwambia, dada. Wallahi nitakwambia."

"Lini?"

Hamira alifikiri, kwa uaminifu kabisa.

"Baada ya mechi."

Pasi akaivuta shuka kwa nguvu zake zote, na Hamira, aliyekuwa ameanza kuvimba kwa kicheko, akaja nayo mzima mzima mpaka juani.