Rangi ya Chumba cha Mama

Mwanawe alikuwa mtunza ghala la dawa, na kama walivyo watu wa ghala, aliamini kwamba kitu kisicho na alama hakipo. Siku ya kuhama ilipokaribia, alinunua tepe za gundi za rangi mbalimbali, akaikalisha familia na kuieleza kanuni. Buluu ni sebule, njano ni jiko, nyekundu ni watoto, kahawia ni chumba chake na mkewe, kijani ni chumba cha kazi. Hakuna mzigo utakaotoka bila rangi, na hakuna mbebaji atakayehitaji kuuliza swali. Wapo wanaodai kwamba mpangilio ni namna ya kupenda. Dai hilo huwavutia zaidi wale wanaopanga.

"Na vyangu?" aliuliza mama yake, ameketi nyuma ya cherehani iliyomlisha na kumsomesha huyo mtunza ghala hadi akafika ghalani.

"Vyako ni utepe mweupe, Mama."

"Mweupe ndio chumba gani?"

"Mweupe ni wa mwisho. Usijisumbue, kila kitu kimepangwa."

Mke wa mtunza ghala, aliyekuwa akifunga vikombe kwa magazeti, alikiongezea gazeti kikombe ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Nyumba waliyokuwa wakiihama ilijengwa na marehemu mumewe. Iliuzwa ili flati ya mjini ipatikane, naye mama aliridhia bila kuuliza vyumba, kwa kuwa mama hamhoji mtoto aliyemnyonyesha.

Siku yenyewe wabebaji walikuja na lori na pikapu. Mkuu wao aliitwa Mabega, ingawa kilichomtangulia kila mahali kilikuwa tumbo. Mtunza ghala, mkewe na watoto walitangulia kwenda kuifungua flati. Mama akaachwa nyuma kusimamia, kazi anayopewa mtu asiyetakiwa kusimamia chochote.

Mabega alisimama mbele ya cherehani. "Bi mkubwa, hii nyeupe si ndiyo ya pikapu?"

"Pikapu inakwenda wapi?"

"Si kwa binti yako? Bosi kasema vyeupe vyote, na mama mwenyewe." Akacheka. "Unakwenda kudekezwa! Mabinti ndio watoto, bi mkubwa. Hawa wa kiume huwa tunawalelea wake zao."

Binti huyo alikuwa amepanga chumba kimoja, yeye, mumewe na watoto wao. Mama alikumbuka alikolala alipomtembelea mara ya mwisho: sakafuni, kati ya kabati na mlango, akiamka kila mtu alipotoka kwenda msalani.

"Mtupa jongoo hutupa na mti wake," alisema, akiishika cherehani.

"Unasemaje, mama?"

"Nasema mkanywe maji kwanza. Jua kali, na mizigo haina miguu."

Wabebaji walipokuwa uani wakinywa maji na kusutana juu ya nani mvivu, mama alifanya kazi. Kufumua ni nusu ya ushonaji, na vidole vyake havikuwa vimesahau. Aliubandua utepe wa kijani kwenye meza ya kazi ya mwanawe, kwenye kiti cha kuzunguka na kwenye kabati la mafaili, akabandika mweupe. Kijani akakihamishia kwenye kitanda chake, sanduku lake la nguo na cherehani. Kipande kimoja kikabaki kimemng'ang'ania kidoleni. Alikitazama kidogo, kisha akakibandika kwenye mkono wa gauni lake.

"Ala! Bi mkubwa nawe umepata rangi?" aliuliza Mabega aliporudi.

"Nisije nikapotea."

"Basi wewe ni wa lori. Panda mbele, ukae kama mkurugenzi."

Wabebaji hawakuuliza swali, kama walivyoagizwa. Lori lilipofika kwenye flati, mtunza ghala alikuwa jikoni akipokea njano. Alipoingia chumba cha kazi alikuta kitanda kimetandikwa, cherehani iko dirishani, na mama yake ameketi.

"Mama! Umefikaje huku?"

"Nimefuata rangi."

"Meza yangu iko wapi?"

"Kwa dada yako. Sijui ataiweka wapi. Mimi ulijua ataniweka wapi?"

Watoto waliingia mbio. "Bibi! Bibi, hiki ndicho chumba chako?" Mama yao akawaita waende jikoni wakale, ingawa jikoni hapakuwa na chakula.

Mtunza ghala hakupandisha sauti. Hasira huvuruga utaratibu. Alimwita Mabega ukumbini.

"Pikapu ikirudi na meza, vipakieni hivi viende kwa dada."

"Hivi ni vya kijani, bosi."

"Ni kosa la alama. Hutokea."

Mabega alichungulia ndani, akajikuna shingo. "Na mama mwenyewe? Maana naye ni wa kijani."

Mtunza ghala alirudi chumbani, akapiga goti mbele ya mama yake. Mama akadhani anaombwa radhi. Akainua mkono ili amguse kichwani. Mwanawe aliupokea mkono ule kwa heshima zote, akaanza kuubandua utepe wa kijani, taratibu, kuanzia pembeni, asije akakiharibu kitambaa.

"Gauni zuri, Mama," alisema. "Ulilishona mwenyewe?"