Noti ya Emojong

Akiror alifika Busia asubuhi, miguu imejaa vumbi la Amukura, pesa za maksai zimefungwa kwenye pembe ya leso.

"Nataka dola hamsini," akamwambia karani wa benki, kama mtu anayeagiza sukari.

Alikuwa hajawahi kuiona dola. Alichojua ni kwamba mumewe, Emojong, alivuka mpaka wa Malaba kwenda kumzika dada yake, wanajeshi wa ng'ambo wakamkamata wakisema ni mpelelezi. Koplo wa huko alikataa shilingi za Uganda, akakataa na za Kenya. Alitaka dola hamsini, tena ndani ya wiki moja, iliyokuwa ikiisha kesho. Wiki ikiisha, Emojong angepakiwa kwenye lori la Kampala, na kati ya waliopakiwa humo hakuna aliyekuwa amerudi.

"Uko na paspoti, mama? Tiketi ya ndege?"

"Ndege ya nini? Bwana yangu amefungwa hapo tu, ng'ambo ya mto."

"Basi sheria hairuhusu. Dola ni ya watu wa kusafiri na watu wa kuleta mali."

"Na hii shilingi mlitengeneza ya nani?"

Karani akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Dola zilikuwako. Zilikuwa kwa Ochuodho, mnunuzi wa kahawa ya magendo pale Malaba, ambaye malori yake yalivuka mchana kweupe askari wakimpigia saluti. Kwake sheria ilikuwa imelala usingizi wa pono. Alichukua bei yote ya maksai, akampa Akiror karatasi moja ya kijani ya dola hamsini. Akiror aliigeuza huku na huku, hasira zikampanda. Mnyama aliyewalimia miaka sita, na hiki ndicho alichogeuka kuwa!

Jioni alifanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa mpakani angefanya. Kila kilichopelekewa wafungwa, kiwe kikapu cha chakula, shati au pesa, kiliandikwa jina. Mwezi uliopita pesa za jirani yake Apio, zisizoandikwa jina, zilimtoa mume wa mtu mwingine. Basi akampa noti Etyang, katekista wa kanisa lao, naye akaandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko wa kupendeza: EMOJONG ZEPHANIAH.

Kesho yake akavuka. Koplo aliiinua noti juani, akacheka, akamrudishia.

"Hii imeharibika. Nani alikuambia uandike dola?"

"Ni jina la mtu wangu. Usije ukatoa mwingine."

"Noti ya kuandikwa hapana toa mtu. Leta safi. Leo jioni lori inaondoka."

Akiror alimwekea kidole yule mzungu aliyechorwa kwenye noti. "Na huyu? Si jina lake liko hapa chini?"

"Mama, enda."

"Anaingia kwetu bila paspoti, hakuna mtu anamfukuza. Bwana yangu akiandikwa, pesa inakufa!"

Alirudi upande wa Kenya karibu akikimbia. Ochuodho alikuwa kando ya kizuizi, akingojea mzigo wake.

"Boss, nibadilishie. Wanataka safi."

Ochuodho hakuishika hata noti yenyewe. "Hiyo nitakupa shilingi kumi. Ni huruma tu."

"Huruma yako kaa nayo."

Kizuizi kikainuliwa. Lori la kwanza la kahawa likaja likinguruma, turubai limefungwa vizuri. Akiror akaingia katikati ya barabara, akasimama.

"Nipe noti safi, Ochuodho! Ama kahawa yako ilale hapa!"

"Toka barabarani, mama," akasema askari wa zamu.

"Sitoki."

Dereva akapiga honi. Ochuodho akamwashiria asonge, na lori likasogea hatua moja, kisha nyingine, mpaka joto la injini likampiga Akiror tumboni. Nyuma ya lori hilo malori mengine mawili yalikuwa yamesimama. Wanawake wa sokoni walianza kukusanyika. Akiror aliogopa, lakini hakusogea.

Askari aliishika bunduki yake kwa mikono miwili. Hakumtazama Akiror. Alimtazama Ochuodho, akingoja kuambiwa afanye nini.