Glovu za Kila Pasaka

Kwa miaka sita Ozella Gaines alikuwa mwanachama wa kundi la wasomaji katika maktaba ya mtaani kwao, mjini Cleveland, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo. Alikuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na pai ya viazi vitamu mkononi, akakaa karibu na dirisha, akasikiliza. Kundi lilisoma vitabu vya waandishi Weusi tu, na ubishi ulikuwa mkali kiasi kwamba mkutubi, binti mpole aitwaye Shavonne, alikuwa na kazi ya kuwaomba washushe sauti.

Machi ile walisoma kitabu cha historia ya waliovuka: watu Weusi waliozaliwa na ngozi nyeupe mno, wakaondoka kwao, wakabadili majina na kuishi kama Wazungu hadi kufa.

"Mimi sina huruma nao hata chembe," alianza Hattie Crenshaw, mwalimu mstaafu. "Wazee wetu walipigwa, wakanyimwa kura, na bado walibaki na watu wao. Hawa wakachukua mabegi wakaondoka."

Roscoe Tibbs, aliyeendesha mabasi ya jiji miaka thelathini, akacheka. "Mwalimu, na wewe ungeweza, usingeondoka?"

"Nisingeondoka!"

"Kwa rangi hiyo? Nani angekuamini?"

"Nyamaza, Roscoe. Wewe taa ikizimika tunakutafuta kwa tochi."

Wakaangua kicheko wote, Roscoe akiwazidi. Kicheko kilipotulia, Hattie akashika kitabu tena. "Lakini nasema kweli. Mtu anayemkana mama yake mzazi hana moyo."

Ozella aliweka uma wake chini.

"Alikuwa nao," alisema.

Wakamgeukia. Hakuwa amepanga kusema, lakini neno lilikwisha toka, na mengine yakalifuata.

Dada yake Lorena alimzidi miaka kumi na mmoja. Ozella alichukua rangi ya mama. Lorena alichukua ya upande wa baba, nyeupe kama ya Wazungu, na nywele zao nyororo. Mwaka 1952 Lorena alipata kazi katika duka kubwa la katikati ya mji, kwenye kaunta ya glovu. Siku hizo Weusi waliajiriwa pale kufagia na kuendesha lifti tu. Hakuna aliyemuuliza Lorena asili yake, naye hakusema. Muda si mrefu akahama nyumbani. Mama hakumgombeza. Alimuuliza tu kaunta yenyewe iko ghorofa ya ngapi.

Kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mama alivaa kofia yake ya kanisani, akamshika Ozella mkono, wakaenda mjini. Mlangoni aliinama na kumnong'oneza, "Ukimwita dada, watamfukuza. Umesikia?"

"Nikusaidie nini, bibi?" Lorena aliuliza, kama wanavyoulizwa wateja wote.

Mama aliweka kiwiko juu ya kimto cha kupimia glovu pale kaunta. Lorena akaushika mkono wa mama yake na kumvisha glovu kidole baada ya kidole, taratibu, akizibonyeza pindo zikae sawa. Mama akasema inabana. Akaletewa nyingine. Hiyo nayo akasema imelegea. Robo saa nzima walishikana mikono namna hiyo, na Ozella, aliyekuwa na umri wa miaka tisa mara ya kwanza, akatazama viatu vyake, maana akimtazama dada yake atalia.

Pasaka tano walikwenda. Ya sita walimkuta msichana mwingine. "Ameolewa, wamehamia mbali," alisema. Mama akashukuru, wakarudi nyumbani bila kununua kitu.

Ozella alipomaliza kusimulia, Hattie alivua miwani.

"Dada Ozella, nisamehe. Sikujua."

"Huna kosa, Mwalimu. Mimi mwenyewe namchukia Jumatatu, Jumanne namlilia."

"Hukuwahi kumtafuta?" Shavonne aliuliza.

"Niliogopa kumharibia maisha."

"Sasa hivi yuko kwenye themanini na kitu," alisema Roscoe kwa upole. "Utamharibia nini, dada?"

Wiki mbili Shavonne alichambua magazeti ya zamani. Alipata kwanza tangazo la harusi, kisha tanzia kutoka Oregon: Lorena alikuwa amefariki miaka saba iliyopita. Ozella aliisoma akiwa amesimama. Marehemu, liliandika gazeti, alifiwa na wazazi akiwa mdogo na hakuwa na ndugu. Ameacha wana wawili. Ozella alilirudia neno la ndugu mara nyingi, halafu akaitazama picha ya mwana mkubwa. Alikuwa na taya la baba yao Ozella na Lorena.

Alimwandikia. Barua ilimchukua siku ishirini. Hattie alimsahihishia nukta na mikato, akakataa kugusa kitu kingine. Kisha wakangoja. Kila mwezi, kabla kitabu hakijafunguliwa, Roscoe aliuliza, "Kimya?" Na Ozella akajibu, "Kimya." Majira ya kiangazi yakapita. Alianza kujilaumu kwamba amewafukulia watu kaburi la mama yao.

Jibu lilifika Septemba, ukurasa mmoja. Mwana yule aliandika kwamba aliisoma barua ndani ya gari kwa sababu hakuweza kuingia nayo nyumbani. Mdogo wake hataki kuisikia habari hii. Yeye mwenyewe hajui ahisi nini, na asingependa wakutane, si sasa. Lakini mama yao hakuwahi kuwasimulia lolote la utotoni. Alikuwa mtoto wa namna gani?

Ozella aliipeleka barua maktaba Jumatatu, siku isiyo ya mkutano, akaomba karatasi. Alikaa muda mrefu na kalamu hewani. Kisha akaandika kwamba Lorena aliogopa kuku kupita kiasi, aliimba kwaya kwa sauti ya chura na hakuna aliyethubutu kumwambia, na radi zilipopiga alimpandisha mdogo wake kitandani na kumziba masikio kwa viganja vyake.

Karatasi ikajaa. Akainuka kumwomba Shavonne nyingine.