Diski Aliyodai Imekufa

…futa, neno lenyewe liko pale kwenye kioo linasubiri kidole changu tu, nibonyeze, sehemu mbili za diski ziwe moja tupu, ndivyo alivyosema mume wangu, hii ya zamani anaitaka aweke mechi zake, na kompyuta humu ndani naijua mimi tu, "futa zote, usijisumbue kufungua, mbovu hiyo," na sasa yuko sebuleni anacheka na televisheni, lakini ngoja, kama ni mbovu anaitaka ya nini, azilaze mechi zake kwenye kitu kibovu, yeye asiyekubali hata kikombe chenye ufa… hapana, mimi kitambaa chenyewe nakigeuza nje ndani kabla ya kutia mkasi, acha nipime afya yake kwanza, hapa, subiri, mstari wa kijani unatambaa… "Mama pacha, umemaliza?" bado, bado, unatambaa… nzuri. Afya nzuri. Nasoma tena, hakuna kasoro, kijani kitupu, ilhali huyuhuyu alinishika bega jikoni akaniambia pole mke wangu, fundi amesema imekufa, na kila kilichokuwamo, akanifungia nyingine mpya, tupu, na mimi nikalia nimeshika mwiko, uji ukaungua, pacha wakaniuliza mama, nani amekufa… sehemu ya kwanza, fungua, hamna kitu, ya pili, fungua… jamani. Jamani! Michoro yangu. Magauni yangu yote, lile la bibi harusi mwenye bega moja juu, sare za kwaya, makoti, mikono niliyoichora na kuirudia mpaka ikakaa, vipimo vya wanawake wa mtaa mzima, haikupotea hata kola… basi hakukuwa na fundi. Hakukuwa na kifo. Kulikuwa na mwanamume aliyechoka kurudi nyumbani na kukuta wanawake wanajigeuzageuza mbele ya kioo chake, "nyumba imekuwa soko hii," alisema wiki ileile, nami mjinga nikadhani ni uchovu wa kazi, nikaifunika cherehani kwa shuka, nikamshukuru, Mungu wangu, nilimshukuru kwa kunibembeleza! "Mama pacha! Umefuta?" sauti tamu kabisa, haina hata mkwaruzo… nakili kwanza, kwenye kompyuta, na kwenye simu pia, hivyo, zinaingia, sipigi kelele, nikipiga kelele atasema nimechanganyikiwa, nitamwuliza taratibu jina la yule fundi, nimtazame usoni anavyolitafuta… na asiponijibu pia sawa, sihitaji jibu lake, kesho kitanda cha wageni kinatoka humu chumbani, cherehani inakaa hapa dirishani penye mwanga, na wenye miili yao waje wapimwe, atake asitake, anune mpaka achoke… "We mama, umefuta au hujafuta?" "Sijafuta, baba pacha," naisikia sauti yangu, pana, siijui ilikuwa wapi siku zote hizi, "na sifuti."