Aliyeonja Kwanza

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na manyunyu yaliyoanza alfajiri yalikuwa bado yanailowesha Migori. Lorine alipanda mizani ya kliniki, na muuguzi Marcella akatikisa kichwa kabla mshale haujatulia.

Uzito ulikuwa umepanda tena, na sukari pia. Marcella alimweleza bila kuzungukazunguka: kisukari cha mimba hakina mzaha, mtoto alikuwa mkubwa kupita kiasi, na ilimpasa aende hospitali kubwa siku hiyo hiyo, alazwe, aanzishiwe sindano. Akamuuliza kama bado anakunywa uji. Lorine akakubali. Akamuuliza kama analala. Usingizi ulikuwa umemhama tangu alipoambiwa jina la ugonjwa wake, na kila hofu ilipombana alikula: mandazi, chapati baridi, chochote kilichokuwa karibu.

"Wasiwasi nao unapandisha sukari," Marcella alisema. "Mwambie mama mkwe wako ukweli. Ni maneno mawili tu, dada."

Lorine aliahidi kupitia nyumbani kuchukua nguo, kisha aende.

Hayakuwa maneno mawili. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika akiwa kwa wakwe zake Magunga, siku chache baada ya kula samaki aliopikiwa na mama mkwe, Phelesia. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Walinong'ona kisimani na nje ya kanisa kwamba mkono wa Phelesia una kitu. Phelesia hakuwajibu. Lakini aliposikia kwamba Lorine amepata mimba nyingine, alifunga safari hadi Migori na gunia la wimbi la kupikia uji, akaapa kumlea mkaza mwana wake mpaka ajifungue. Kila kikombe cha uji, kizito kwa maziwa na sukari, kilikuwa ushahidi wake. Kila kilo aliyoongeza Lorine ilimsafisha jina. Aliwaita majirani waje watazame jinsi nyar Rongo, binti wa watu wa Rongo, alivyonawiri mikononi mwake.

Gordon, mumewe Lorine, alifundisha Homa Bay na kurudi mwisho wa mwezi. Kwa simu alimsihi mkewe asimvunje mama moyo. Muda uliobaki kabla ya kujifungua, alisema, haukuwa mrefu.

Lorine alipofika nyumbani, uji ulikuwa umekwisha kumiminwa. Alisimama mlangoni, leso yake ikichuruzika maji.

"Mama, leo sitakunywa. Nina sukari. Wanataka nilazwe."

"Sukari ni ya wazee, nyathina, mwanangu. Baba yake Gordon aliugua akiwa na mvi. Wewe una mimba." Phelesia alishusha sauti. "Au na wewe umeanza kusema yale ya Magunga?"

"Hapana, Mama."

"Wataniuliza mtoto wa watu amelazwa kwa nini. Niwajibu nini?"

Kisha alifanya jambo ambalo Lorine aliliogopa kuliko matusi. Alikinyanyua kikombe akaonja yeye kwanza, kama mpishi anavyofanya mbele ya mgeni asiyemwamini. Akameza. Akamnyoshea kikombe kwa mikono miwili.

Lorine akapokea, akanywa mpaka chini. Baada ya kunywa, hakupata tena ujasiri wa kufunga nguo zake. Alijiambia atakwenda kesho. Kesho yake alijiambia hivyo hivyo.

Ijumaa mtoto hakucheza. Walifika hospitali kubwa mchana. Daktari alipitisha mashine juu ya tumbo, akarudia, akarudia tena, kisha akaizima. Moyo ulikuwa umesimama.

Phelesia aliuliza kama ni uji. Daktari akasema hakuna awezaye kuapa, ila sukari ilikuwa juu mno. Phelesia akamgeukia Lorine, akauliza tena kama ni uji. Lorine alikuwa na nguvu za kusema hapana. Hakusema.

Marcella alipopata habari, alijifungia chumbani kwake kwa dakika chache, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata. Gordon alikuja kutoka Homa Bay, akamzika mtoto Magunga, akarudi kufundisha. Phelesia alibaki Magunga na akaacha kwenda kanisani. Lorine alijifunga matiti kwa kitambaa mpaka maziwa yakakauka, kisha akarejea sokoni kuuza mitumba.