Korongo, Kobe na Wifi Masue

Siku Tokuji alipokata roho, dada yake Masue aliingia mle ndani, akampita marehemu kama mtu anayepita gogo, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la vyombo. Akatoa chupa ndogo ya kaure na vikombe vyake vitano vya sake, ile pombe ya mchele, vyekundu kwa dhahabu, korongo akiruka ubavuni na kobe amelala ndani kwenye kitako.

"Vyombo vya heri havikai kwenye matanga, wifi," akasema, huku akivifunga kwa kitambaa. "Nitakutunzia."

Mila ndivyo isemavyo, kwa hiyo Kiyono, mjane, hakubisha. Ila alijua fisi kakabidhiwa bucha. Mwana wa Masue alikuwa anaoa theluji ikiyeyuka.

Matanga yalipokwisha, siku ya arobaini na tisa, Kiyono alimfuata. Alitaka kimoja tu, kile alichonywea Tokuji kila jioni, amwekee mbele ya picha yake.

"Kumpa maiti kobe!" Masue akacheka. "Una wazimu wewe? Korongo huishi miaka elfu, kobe miaka elfu kumi. Hiyo ni bahati ya ukoo."

"Mdogo wako kamtazama huyo kobe kila jioni tangu anioe. Kafa hata mvi hajaota. Kwa bahati hiyo, wangechora hata chura."

Masue akavipapasa vikombe kingo zake. Kimoja kilikuwa na pengo. Akakunja uso: chombo chenye pengo hakiwekwi mbele ya bibi harusi.

"Haya, beba kibovu chako."

Kilikuwa ndicho chenyewe, cha Tokuji. Kiyono akakitia kwenye mkono wa kimono, akatoka bila asante.

Harusi ilipokaribia, Masue akaja anahema, na boksi la keki za maharage mkononi. Tamaa yake ilikuwa imemfumba macho hadi alipopanga vyombo mezani na kuona vikombe vinne. Kwa lugha yao nne hutamkwa kama kifo. Hakuna mama kwao anayethubutu kuiweka mbele ya wakwe.

"Wifi yangu kipenzi, nirudishie kile. Pengo nitaligeuzia ukutani."

Kiyono alimtazama kuanzia nywele zilizotiwa rangi hadi soksi nyeupe. Mtu mzima anatetemekea hesabu ya vikombe, na siku nduguye alipolala pale mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

"Siku moja tu, jamani!"

"Chukua," Kiyono akasema, akikisogeza. "Marehemu kanywea wiki nzima. Kampe mkweo amalizie."

Masue aliruka nyuma kama aliyeona nyoka. Akavaa viatu mbiombio, kisigino kimoja nje.

Harusini walinywea vikombe vyeupe vya dukani. Kiyono humimina sake kidogo katika kikombe kile kila jioni, huiweka mbele ya picha, na asubuhi huinywa mwenyewe.